Kitambulisho Mfukoni, Mradi Uani

Nilikuwa karani wa mishahara katika shirika moja la umma la Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Pugu, ambayo sasa inaitwa Barabara ya Nyerere. Niliajiriwa mwaka 1980, nikapunguzwa mwaka 1995 pamoja na wenzangu wengi, na tangu hapo ninashona sare za shule Tandika. Habari za watu wa rika langu husimuliwa hivi: walikuwa waajiriwa, mashirika yakafa, ndipo wakajitumbukiza kwenye biashara. Simulizi hiyo naikataa. Mimi nilishika daftari la mishahara, nilijua nani analipwa nini, na nilijua kwamba hakuna familia iliyoweza kuishi kwa tarakimu nilizokuwa naziandika. Biashara ilikuwapo muda wote. Ilikuwa uani, jikoni, chumba cha nyuma, na mara nyingi ilikuwa mikononi mwa mke. Miaka ya 1990 kilichoondoka ni kazi. Mradi ulibaki palepale ulipokuwa.

Temeke yenyewe ilijengwa kwa hesabu ya mshahara. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Waingereza ilijenga nyumba za kupangisha Waafrika Ilala, Magomeni na Temeke, kwa ajili ya watu wa bandari, reli, ofisi za serikali na makampuni ya mjini. Mji haukumtaka mtu asiye na mwajiri. Aliyekutwa hana kazi aliitwa mhuni na kurudishwa kwao. Baba yangu alikuwa kuli bandarini. Mama alikanda unga usiku, akaamka kabla ya adhana kukaanga maandazi na kupika uji, akauza alfajiri kwa makuli waliokuwa wakielekea Kurasini. Kodi ya chumba ilitoka kwa baba. Madaftari, kandambili na nguo za Idi zilitoka kwenye sinia la mama. Lakini mgeni akiuliza nyumbani kwetu nani anafanya kazi, sote tulijibu: baba.

Hivyo basi, lilipokuja Azimio la Arusha, Februari 1967, na benki na makampuni makubwa yakawa mali ya umma, halikuanzisha desturi ya kutegemea mshahara kwa nje na mradi kwa ndani. Liliikuta. Ila liliifanya kazi ya mshahara ipendeze kuliko wakati wowote kabla. Mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa Ubungo, ambako enzi hizo kulihesabika kuwa nje ya mji. Kando ya Barabara ya Pugu, kuanzia Chang'ombe kwenda juu, viwanda na mabohari yalikaa bega kwa bega. Mzazi wa Temeke akipata mtoto aliyeajiriwa na shirika, alipumua. Mshahara ulikuwa sehemu moja tu ya kazi. Kulikuwa na chakula cha kantini, zahanati, mkopo wa chama cha akiba, duka la ushirika la wafanyakazi, na kwa waliobahatika, nyumba. Nilipoingia mwaka 1980 na cheti changu cha kidato cha nne na cheti cha uchapaji, jirani zetu walikuja kumpa mama hongera kana kwamba nimeolewa.

Azimio hilo lilikuja pia na masharti ya uongozi. Kiongozi hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, wala kuwa na nyumba ya kupangisha. Na kiongozi hakuwa mkubwa wa chama peke yake; watumishi wa ngazi ya kati na ya juu serikalini na katika mashirika waliingizwa humo. Tena Azimio lilitamka wazi kwamba sharti linamgusa mtu pamoja na mke wake, au mwanamke pamoja na mume wake. Walioliandika walijua mali ingepita mlango upi. Walijua, na bado ilipita mlango huohuo. Naliheshimu Azimio, nimesoma kwa sababu yake, na nilitibiwa bure kwa sababu yake. Lakini katika jambo hili liliwaomba watu kitu ambacho mshahara haukuwawezesha kukitoa.

Mambo yalianza kubana katikati ya miaka ya 1970. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena 1979. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vya wakulima vilivunjwa, na mwaka huohuo Operesheni Maduka ikafunga maduka mengi ya watu binafsi kabla maduka ya umma hayajaweza kushika nafasi yao. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Kisha vita vya Kagera, 1978 na 1979. Nilipoanza kazi, sukari, sabuni na unga vilikuwa vitu vya foleni. Watu waliweka mawe kwenye mstari ili yawashikie nafasi wakati wao wako kazini, na mawe yale yaliheshimiwa.

Sasa niieleze bahasha, kwa sababu historia hii imo ndani yake. Mishahara ya vibarua na mafundi tuliilipa taslimu, katika bahasha ya kaki. Juu yake niliandika jina, namba ya kazi, mshahara ghafi, kisha makato: akiba ya uzeeni ya NPF, ada ya chama cha wafanyakazi, JUWATA, mkopo wa chama cha akiba, deni la duka la ushirika. Chini kabisa nilipigia mstari kinachobaki. Mwaka 1981 kima cha chini kilikuwa sh 600 kwa mwezi. Mwaka 1983 serikali ilipowaruhusu watu binafsi kusafirisha abiria, kwa kuwa mabasi ya UDA, shirika la umma la usafiri mjini, hayakutosha tena, nauli ya magari hayo ilikuwa sh 5. Mtu wa Mbagala aliyekosa basi la UDA asubuhi na jioni alitoa sh 10 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni sh 260. Zaidi ya theluthi ya mshahara iliishia barabarani, kabla mtoto hajala. Kima cha chini kilipofika sh 810 mwaka 1984, bei za sokoni zilikuwa zimeshatangulia mbali. Kati ya katikati ya miaka ya 1970 na mwisho wa miaka ya 1980 thamani halisi ya mshahara nchini ilishuka kwa zaidi ya robo tatu.

Dirishani kwangu walikuja mmoja mmoja. Aliyejua kusoma alisoma bahasha mbele yangu. Asiyejua aliniuliza.

"Dada, ndiyo yote?"

"Ndiyo yote, kaka."

Aliweka dole gumba, akakunja bahasha, akaitia mfuko wa ndani wa shati. Sikumwona hata mmoja akigomba. Na mwezi uliofuata alikuwepo tena, ameripoti kazini saa moja na nusu. Kwa nini walibaki? Watoto wangu waliniuliza swali hilo walipokua, na watu wanaosoma historia ya nchi hii wanapaswa kuliuliza pia. Mkopo, zahanati na kantini ni sehemu ya jibu. Sehemu kubwa zaidi ilikuwa kadi ya kitambulisho cha kazi, yenye picha na mhuri.

Mwaka 1983 ulikuwa mwaka wa misukosuko miwili. Mwishoni mwa Machi ilianza vita dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Maduka na nyumba zilipekuliwa, na usiku watu walitupa mali waliyokuwa nayo, nyingine mitaroni, nyingine baharini, kwa hofu ya kukutwa nayo. Kisha ikatungwa Sheria ya Nguvu Kazi, iliyotaka kila mwenye nguvu awe na kazi inayotambulika. Msako ulipita mitaani. Asiye na uthibitisho wa kazi alihesabiwa mzururaji, na mzururaji alipaswa kupelekwa shamba. Watu wa Temeke walilifahamu wazo hilo. Kijiji cha ujamaa cha Gezaulole, ng'ambo ya Kigamboni, kilikuwa kimeanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wasio na kazi mjini. Wafanyabiashara wadogo nao waliwekewa leseni yao, leseni ya Nguvu Kazi, lakini wengi hawakuipata, au waliipata na mgambo hakuijali.

Mwenye kadi ya shirika alipita. Alibeba trei za mayai kwenye kapu kutoka Mtoni hadi Kariakoo, akasimamishwa, akatoa kitambulisho, akaambiwa nenda. Kijana asiye na kadi, akiwa na mayai yaleyale, alipandishwa karandinga. Hapa ndipo naiona maana ya ajira ya wakati ule kwa mtu wa Temeke na Kinondoni: kazi ya shirika ndiyo iliyokuwa kibali cha biashara yake. Alikwenda kazini ili aweze kufuga kuku kwa amani.

Na walifuga. Ukubwa wa uwanja ndio uliamua mtu afanye mradi gani, jambo ambalo wachumi hulipita haraka. Sinza na Kijitonyama, ambako viwanja vilipimwa miaka ya 1970 katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, karani au mwalimu aliyepata kiwanja alikuwa na nafasi ya banda nyuma ya nyumba. Huko ndiko kuku wa mayai walikoshamiri, na hata ng'ombe wa maziwa wa kufungiwa. Manzese nyumba zilibanana. Huko palikuwa pa kupika, kushona na kuuza rejareja mlangoni. Katika quarters za Temeke, zile nyumba zilizojengwa na Waingereza, uani mlikuwa na nafasi ya majiko na kamba za nguo tu; wanawake wakauza maandazi, na aliyepata jokofu akauza barafu kwa watoto wa shule. Mbagala bado ilikuwa minazi, mikorosho na mihogo. Aliyekuwa na ukoo kule alilima na kufuga pamoja.

Mhasibu wetu mkuu alifungwa na masharti ya uongozi, na mkewe alikuwa na kuku wengi kuliko mtu yeyote niliyemjua. Mimi nililelewa katika ufugaji na mama huyo. Alinifundisha kwamba kuku hafi kwa njaa, anakufa kwa mdondo. Vifaranga wa siku moja tuliwaweka chumba cha nje, sakafu ikiwa na maranda ya mbao kutoka kwa maseremala wa Keko, na katikati jiko la mkaa lililozungushiwa bati ili wasijichome. Usiku mmoja wetu alilala humo, kwa sababu mkaa ukizima vifaranga hulundikana na wale wa chini hukosa pumzi. Chanjo ya mdondo ilikuja katika kichupa kidogo na ilitaka baridi. Tuliibeba ndani ya chupa ya chai iliyojazwa barafu, kutoka mjini hadi Mtoni, kwa basi. Tukifika, kuku walikuwa wamenyimwa maji tangu asubuhi ili wawe na kiu. Tukatia maziwa ya unga kidogo kwenye maji safi, kwa kuwa maji ya bomba pekee huiua chanjo, tukakoroga, tukawatekea, wakanywa kwa pupa. Shughuli yote ilifanyika Jumamosi mchana, baada ya kazi. Chakula tulichanganya wenyewe: pumba za mahindi, mashudu, dagaa waliosagwa, chokaa. Daftari la mhasibu ofisini lilikuwa na tarakimu za mamilioni, la mkewe lilikuwa la kurasa 64 lenye orodha ya trei na madeni ya majirani. Hilo la pili ndilo lililosomesha watoto wao.

Mtafiti Aili Mari Tripp alifanya utafiti Manzese na Buguruni mwaka 1987 na 1988 akiwauliza watu wanaishije, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1997 kimeeleza kile ambacho sisi tulikiishi: kwamba kipato cha nyumba nyingi kilitoka kwenye miradi na si kwenye mishahara, kwamba wanawake wengi walikuwa wameingia kwenye miradi hiyo kwa kasi, na kwamba watu wadogo waliokiuka kanuni kila siku ndio walioisukuma serikali kuzibadili. Nakubaliana naye, na ningependa kuongeza jambo moja la dirishani kwangu. Walioanza kuacha kazi kabla ya kupunguzwa walikuwa wanawake. Ilianza mwaka 1985 au 1986: mpiga chapa mmoja, kisha mhudumu wa kantini, kisha mesenja wa kike. Walikuja kuchukua bahasha ya mwisho wakiwa wametulia kabisa. Mwanamume alihitaji kadi ili asikamatwe. Mwanamke aliyekuwa akipika mlangoni kwake alisumbuliwa kidogo zaidi kuliko kijana wa barabarani, naye alipiga hesabu akaona nauli ya kuja kazini inamla.

Sheria ilifuata nyuma. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa nchini, na rafu zikaanza kujaa. Mwalimu Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985, akaingia Ali Hassan Mwinyi. Mwaka 1986 ukasainiwa mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa. Na Februari 1991, Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana Zanzibar ikayalegeza masharti ya uongozi: mwanachama aliruhusiwa hisa, nyumba ya kupangisha, kipato cha pili. Mhasibu wetu mkuu aliisikia habari hiyo redioni kama sote. Jumatatu yake alileta trei za mayai ofisini mwenyewe, kwa mkono wake, akaziweka juu ya meza. Hatukuwahi kumwona akizibeba kabla ya hapo.

Halafu yakaja ya kupunguzwa. Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma iliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikiwa na karibu mashirika 400 ya kuuza, kukodisha au kufunga. Serikalini nako makumi ya maelfu ya watumishi walipunguzwa katika miaka hiyo. Kwetu majina yalibandikwa ubaoni karibu na kantini. Jina langu lilikuwa humo, na kabla ya kuondoka niliombwa nipige hesabu za kila mtu: mshahara wa notisi, likizo isiyochukuliwa, kiinua mgongo, na nauli ya kumrudisha mfanyakazi kwao na mizigo yake. Mtu wa Songea alilipwa nauli ya Songea na gharama ya tani zake za mizigo, wa Kigoma vivyo hivyo. Niliandika nauli nyingi sana siku zile. Waliosafiri walikuwa wachache. Fedha ya kurudi Songea ilinunua mabati ya kibanda Mbagala Kizuiani. Malipo yenyewe yalichelewa mno, na wapo walioyapokea wakiwa wameshalala kitandani wagonjwa, na wapo ambao wajane wao ndio waliokuja kutia sahihi. Hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo niliwaona wote, nikiwa na tarakimu zao mbele yangu, na kwa miaka iliyofuata nikakutana nao Tandika, Temeke Stereo, Mtoni. Tofauti kati ya waliosimama na walioanguka haikulingana na kiwango cha kiinua mgongo. Fundi mitambo mmoja hodari, mtu mwaminifu, alipata fedha nzuri kuliko wengi. Alinunua Hiace iliyotumika kutoka Japani, kwa kuwa miaka hiyo kila mtu aliona Hiace zinajaza abiria. Alimpa dereva kwa hesabu ya kila jioni. Mwenye gari anapokea hesabu, lakini matairi, bushi, faini na siku ambazo gari limelala gereji ni zake. Na dereva asiye na mshahara, anayepaswa kutimiza hesabu kwanza ndipo apate chake, ataliendesha gari hilo mpaka chasisi ilie. Fundi yule alijua kutengeneza mashine kuliko mtu yeyote Barabara ya Pugu. Biashara ya abiria hakuwahi kuigusa kabla ya siku aliyotoa fedha yake yote. Gari lilikufa, na yeye akarudi kushika spana gereji ya mtu mwingine.

Mhudumu wa kantini aliyeondoka mapema, yeye wakati huo alikuwa na mabenchi ya mama ntilie nje ya lango lilelile la kiwanda, akiwalisha waliobaki, kisha akawalisha mafundi wa mnunuzi mpya. Mtaji wake haukuwa mkubwa. Lakini alijua nani hulipa Ijumaa na nani humlipa mwisho wa mwezi, alijua mchele wa kupika unapatikana Tandika kwa bei gani na siku gani, na alikuwa ameshapata hasara zake zote ndogondogo wakati mume bado anapokea mshahara. Nadhani hilo ndilo jambo kubwa ambalo ajira iliwafanyia watu wa kwetu. Iliwalipia ada ya kujifunza. Mdondo ulipofagia banda mwaka 1986, familia ya mhasibu ilikula mshahara, ikaanza upya. Mdondo ukifagia banda la mtu aliyeweka kiinua mgongo chote humo mwaka 1996, hana pa kushika.

Mimi nilikuwa na cherehani. Niliinunua nikiwa kazini kwa mkopo wa chama cha akiba, Butterfly ya Kichina ya miguu, na kwa miaka nilikuwa nashona usiku kwa majirani. Kiinua mgongo changu kilipotoka nililipia fremu Tandika na kununua mashine ya kudarizi pindo. Nilichagua sare kwa sababu sare haina fasheni. Kitambaa kisichouzwa Januari hii kitauzwa Januari ijayo. Kila mtaa wa Temeke una mwanamke aliyefanya uchaguzi huo, na kazi yetu ina historia yake inayofuata maamuzi ya serikali hatua kwa hatua. Mwaka 2001 ada ya shule za msingi ilifutwa, na mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM, ulipoanza mwaka 2002 watoto walimiminika shuleni, wakiwamo wakubwa waliokuwa wameachwa nyuma. Januari ile tulikata sketi za bluu juu ya sakafu, kitambaa kimekunjwa mara kadhaa, kwa kuwa meza haikutosha. Kuanzia 2006 shule za sekondari za kata zilijengwa kwa wingi, kila moja na rangi yake ya sketi na suruali na tai yake, na fundi alipaswa kuzijua zote. Januari 2016 elimu bila ada ilifika hadi kidato cha nne. Kila wimbi la namna hiyo lilinilazimu kuajiri.

Nimpime mtoto mbele yenu, mjue ninachokisema. Mama anamsimamisha, anasema, "Weka pindo refu, mama, huyu anarefuka." Napima kiuno juu ya shati, naongeza vidole viwili. Urefu napima hadi chini ya goti, kisha naacha pindo la upana wa kiganja, nalishona kwa mkono, mishono mirefu, ili mwakani mama alifumue mwenyewe nyumbani kwa wembe bila kurudi kwangu. Marinda lazima yawe na kina sawa, la sivyo sketi inainama upande. Nikikata kwa ubahili, sketi inakuwa nzuri Januari na fupi Agosti. Mama wa Tandika anamkumbuka fundi aliyempa pindo, na mwaka unaofuata analeta wadogo wote wa mtoto yule.

Leo ninaowaona wakifanya kama sisi ni walimu, manesi, askari, watu wa benki. Fremu ya jirani yangu ni ya mwalimu wa sekondari. Asubuhi anafungua mkewe, saa kumi jioni anaingia yeye. Kadi nayo ilirudi kwa sura mpya: Desemba 2018 Rais Magufuli aligawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa sh 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi sh milioni 4 kwa mwaka, na kwa muda mgambo alikaa kando. Oktoba 2021 wamachinga wakaondolewa tena pembezoni mwa barabara, na meza nyingi za Mbagala Rangi Tatu zikahamishwa. Vijana wanaambiwa kwenye semina waache kazi wajiajiri, kana kwamba ujasiri ndio uliokosekana. Ilipotangazwa mwaka 2012 kwamba fao la kujitoa katika mifuko ya hifadhi ya jamii limesitishwa, waliopaza sauti walikuwa wafanyakazi wa migodi na viwanda, kwa sababu ile ndiyo fedha waliyokuwa wameipangia kuwa mtaji. Niliwaelewa. Lakini nilikumbuka pia bahasha nene nilizowahi kuzihesabu, na wale waliozipeleka moja kwa moja kwenye biashara ambayo hawakuwahi kuifanya hata Jumamosi moja.

Kumbukumbu za tume ya kurekebisha mashirika zinaonyesha kiwanda gani kiliuzwa, kwa nani, mwaka gani. Utafiti wa kitaifa wa sekta isiyo rasmi wa mwaka 1991 ulihesabu watu na shughuli zao. Miradi ya uani yenyewe, nani alianza na trei ngapi, nani alimkopesha nani, upatu wa mtaa gani ulinunua cherehani ya nani, hiyo imo kwenye madaftari ya kurasa 64 yaliyofungwa kwa mpira na kuwekwa kabatini. La mama wa kuku wa Mtoni nimeshaliona. Mchwa wamekula jalada, lakini hesabu za 1984 na 1985 zinasomeka. Wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, wakitaka, nitawapeleka kwake, na Manzese na Sinza nawajua wengine wenye yao. Waje mapema, kwa maana wanawake hao wana miaka themanini sasa, na madaftari mengi yameandikwa kwa vifupisho ambavyo mwenyewe tu ndiye anayevisoma.